Bwawa linageuka kijani kila Januari: je, tumfukuze fundi?

*"Mimi ni mweka hazina wa kamati ya wenye nyumba, nyumba 24 ndani ya ukuta mmoja hapa Malindi, kama nusu kilomita kutoka baharini. Wenyewe wengi wako Nairobi na ng'ambo, na Disemba nyumba hujaa wageni. Kila kaskazi kwetu ni ugomvi. Bwawa la kuogelea (mita 16 kwa 5, kina mita 1 hadi 1.5) hugeuka kijani ifikapo Januari. Fundi hutumia ndoo ya kilo 10 ya vidonge vya klorini kila mwezi. Januari iliyopita tukampa ndoo mbili, na maji yakabaki kijani vilevile. Ajabu ni kwamba kifaa cha kupimia kinasoma klorini 3. Tena maji hupungua sentimita nne na ushee kwa wiki, kwa hiyo wapo wanaosema bwawa linavuja. Tunajazia kwa maji ya kisima chetu, ambayo Februari huwa ya chumvi, na kuna pendekezo tukichimbe kisima zaidi. Wajumbe wawili wanadai fundi anauza dawa, afukuzwe. Wengine wanataka ada ya huduma ipande kwa nusu. Mkutano uko karibu. Niwaambie nini?"*

Ndugu mweka hazina, fundi mwacheni kwanza. Kwa maelezo yako mwenyewe, dawa inaingia bwawani, tena inaingia kupita kiasi. Fundi anayeuza vidonge pembeni hawezi kukuachia bwawa linalosoma klorini 3 (miligramu kwa lita) katikati ya jua la Januari. Ugonjwa wa bwawa lenu uko ndani ya kidonge chenyewe.

Vidonge vinavyouzwa kwa ndoo, vile vikubwa vya gramu 200, mara nyingi ni trikloro. Kila kimoja kina klorini pamoja na asidi ya sianuriki, ambayo mafundi huiita stabilaiza. Kazi ya stabilaiza ni kuikinga klorini na jua. Bila hiyo, jua kali la mchana hula zaidi ya nusu ya klorini ya bwawa ndani ya saa moja hivi. Kwa hiyo kiasi kidogo kinahitajika, miligramu 30 hadi 50 kwa lita. Taabu ni kwamba klorini hutumika ikaisha, na stabilaiza haiishi. Haivukizwi na jua, chujio haliizuii, na kuongeza dawa hakuipunguzi. Hutoka pale tu maji yenyewe yanapotoka.

Sasa tupige hesabu ya bwawa lenu. Mita 16 kwa 5 kwa wastani wa kina cha mita 1.25 ni mita za ujazo 100, yaani lita 100,000. Kidonge kimoja cha gramu 200 humwaga humo takriban gramu 111 za stabilaiza, sawa na miligramu 1.1 kwa lita. Ndoo ya kilo 10 ina vidonge 50. Kila mwezi basi mnaongeza kama miligramu 55 kwa lita, na ule mwezi wa ndoo mbili mliongeza 110. Sehemu fulani hutoka na maji ya kuoshea chujio na yale yanayorushwa na waogeleaji, lakini anayetumia vidonge peke yake tangu Septemba hufika Januari akiwa na 150, 200 au zaidi.

Klorini iliyoshikwa na stabilaiza nyingi ni kama mbuzi aliyefungwa kamba fupi: yupo, unamhesabu, ila majani hayafikii. Kifaa chenu cha kupimia huihesabu hata hiyo iliyofungwa, ndiyo maana kinasoma 3 na mwani, vile vijimea vinavyoyapa maji rangi ya kijani, unaota. Kanuni ya kazi ni kwamba klorini isipungue takriban asilimia 7.5 ya stabilaiza. Stabilaiza ikiwa 50, klorini 4 inatosha kuzuia mwani. Ikiwa 150, mnahitaji 11 na zaidi. Kipimo cha 3 hapo hakina nguvu, na kila ndoo mnayoongeza inakaza kamba.

Kabla ya kuniamini, pimeni. Kipimo cha stabilaiza hakimo katika vile vifaa vidogo vya rangi mbili vya klorini na pH (uasidi wa maji). Tafuteni chenye mrija mrefu na doa jeusi chini yake: maji huchanganywa na dawa yakawa kama maziwa, unamimina mpaka doa lisionekane, kisha unasoma namba. Kipimo hicho kikifika 100 hakiaminiki tena. Changanyeni basi maji ya bwawa nusu kwa nusu na maji safi ya bomba, mpime upya na mzidishe jibu kwa mbili. Duka la dawa za mabwawa pia linaweza kuwapimia. Chukueni maji kwenye chupa safi, kina cha kiwiko, mbali na pale yanapoingilia kutoka kwenye pampu.

Mkikuta 150, tiba ni kubadilisha maji, hakuna mkato. Mkitoa nusu mnabaki na 75. Mkitoa theluthi mbili mnabaki na 50. Kwa bwawa lenu nusu ni lita 50,000, sawa na malori matano ya lita 10,000. Ningeanza na nusu, kwa sababu mbili. Kwanza, maji msimu huu ni adimu. Pili, bwawa tupu karibu na bahari ni hatari, maana maji ya ardhini yakiwa juu husukuma sakafu kutoka chini na yanaweza kuipasua au kuinua bwawa zima. Januari hadi Machi maji ya ardhini huwa yameshuka, kwa hiyo nusu si tatizo kwa bwawa la zege, ila angalieni kwanza kina cha maji katika kisima chenu. Wakati wa masika, Aprili hadi Juni, msithubutu kulimaliza. Na kama bwawa ni la faiba, msipunguze hata kidogo bila mtu wa kazi hiyo kuwepo.

Maji mnayoyatoa msiyaelekeze kwenye tangi la maji machafu. Klorini itaua vijidudu vinavyosaga uchafu humo, na wingi wa maji utasukuma tope mpaka kwenye shimo la kunyonyea na kuliziba. Simamisheni dawa siku chache hadi klorini isome karibu na sifuri, halafu mwagieni minazi polepole. Mnazi huvumilia chumvi kuliko maua ya bustani.

Mkishajaza, sugueni kuta na ngazi kwa brashi, kila kona, kwa sababu mwani una utando ambao dawa haipenyi mpaka uchanwe. Shusheni pH hadi kati ya 7.2 na 7.4. Kisha, jua likishazama, wekeni kalsiamu hipokloraiti ya chembechembe yenye nguvu ya asilimia 65. Ikiwa stabilaiza imeshuka hadi 50, lengo la usiku huo ni klorini 20, ambayo kwa lita 100,000 ni kilo 3 na gramu 100 hivi. Ikiwa imebaki 75, lengo ni 30, yaani kilo 4.6. Pampu izunguke saa 24. Someni geji ya chujio: ikipanda bari 0.5 hadi 0.7 juu ya ilipokuwa safi, osheni mchanga wake kwa kugeuza mkondo wa maji. Rudieni dawa kila jioni mpaka klorini ya usiku na ya alfajiri zipishane kwa chini ya 1. Hapo mwani umekufa, na wingu la kijivu linalobaki ni kazi ya chujio. Mtu asiingie mpaka klorini ishuke hadi 5 au chini yake na kifuniko cha tundu la sakafuni kionekane wazi kutoka ukingoni. Maji ya ukungu humficha mtoto aliyezama.

Hapa niseme kwa ukali. Chembechembe hizo na vidonge vya trikloro visikutane kamwe vikiwa vikavu: si katika ndoo moja, si kwa kijiko kimoja, na msimimine chembechembe katika kifaa kilichokuwa na vidonge. Hushika moto, na vinaweza kulipuka. Klorini na asidi ya kushushia pH pia zitengwe, kwani zikichanganyika hutoa gesi inayochoma mapafu. Siku zote tia dawa kwenye ndoo yenye maji, usitie maji kwenye dawa. Na stoo yenu kama ni ile ya mabati isiyo na dirisha, nyuma ya chumba cha pampu, toboeni matundu ya hewa wiki hii.

Je, muache vidonge kabisa? Si lazima. Chembechembe hazina stabilaiza, lakini huongeza kalsiamu. Bwawa lenu kwenye jua la kaskazi litataka klorini kama 3 kwa siku, yaani chini kidogo ya nusu kilo ya chembechembe kila jioni, na hiyo huleta kama miligramu 60 za ugumu wa maji kwa mwezi. Malindi tunakaa juu ya mwamba wa matumbawe, maji ya visima huwa magumu tangu mwanzo, kwa hiyo msipoishikilia pH chini ya 7.6 mtaona magamba meupe kwenye vigae na ndani ya mabomba. Klorini ya maji haina shida hizo mbili, ila kwa joto letu hupoteza nguvu ndani ya wiki chache. Inunuliwe kidogo kidogo, na si ile iliyoanikwa juani nje ya duka. Mashine ya kutengeneza klorini kwa chumvi nisingewashauri: umeme ukikatika inalala, hupandisha pH, na maji magumu huziba seli yake. Chaguo langu kwenu ni chembechembe kila jioni, vidonge kwa siku ambazo fundi hayupo tu, na kipimo cha stabilaiza kila mwanzo wa mwezi. Ikipita 50, ndoo ya vidonge ifungwe.

Kuhusu "kuvuja": bwawa lenu lina eneo la mita za mraba 80. Upepo wa kaskazi na jua huweza kuondoa milimita 6 kwa siku, nazo ni lita 480, na kwa wiki sentimita 4.2. Hicho ndicho kipimo mlichonipa. Hakikisheni kwa ndoo. Ijazeni maji ya bwawa, iwekeni kwenye ngazi ya bwawa ikizama nusu, na mchore alama ya maji ndani ya ndoo na ukutani mwa bwawa. Baada ya saa 24 bila waogeleaji na bila kujazia, linganisheni. Zikishuka sawa, ni jua na upepo. Bwawa likishuka zaidi, rudieni pampu ikiwa imezimwa. Likishuka zaidi pampu ikiwaka tu, tafuteni kwenye mabomba ya kurudishia maji.

Kinachovukizwa ni maji matupu. Chumvi, kalsiamu na stabilaiza hubaki, nanyi mnajazia kwa maji ya kisima yenye chumvi. Kwa hiyo kujazia kila siku hakupunguzi kitu, hukoleza tu. Nafuu ya kweli huletwa na mvua. Mwezi wa Mei shusheni maji sentimita 20, si zaidi, na muache mbingu ijaze. Kila milimita 100 za mvua huwapa lita 8,000 bila senti.

Kisima sasa. Kukichimba zaidi ndiyo njia ya haraka ya kukiharibu. Pwani, maji baridi ya ardhini, yaani yasiyo na chumvi, huelea juu ya maji ya bahari kwa sababu ni mepesi. Kwa makadirio, kila mita moja ya maji baridi iliyo juu ya usawa wa bahari hushikilia mita 40 hivi chini yake. Mkivuta kwa nguvu, kiwango karibu na pampu hushuka, na chumvi ya chini hupanda kama koni kuelekea mdomo wa pampu. Ukishusha pampu unaifuata chumvi kwake. Disemba ninyi huvuta mfululizo kwa sababu nyumba zimejaa, Februari mnalipa. Gaweni uvutaji: badala ya saa sita mfululizo, vuteni saa moja na nusu mara nne, na mapumziko kati yake, kwa pampu ndogo. Nunueni kipimo cha mkononi cha upitishaji umeme wa maji, mpime kila Jumatatu na muandike. Namba ikianza kupanda wiki baada ya wiki, punguzeni saa kabla ulimi haujaonja. Ladha huanza kusumbua chumvichumvi zote zikipita miligramu 1,000 kwa lita, na kufikia hapo hita na bomba za chuma zimeshaanza kuliwa.

Pamoja na hilo ongezeni matangi. Nyumba 24 zikiwa na watu sita sita, kila mmoja lita 100 kwa siku, ni lita 14,400. Pampu za Baricho kando ya mto Sabaki zikisimama, mfereji wa mji hukauka, na anayekwenda kutafuta lori siku hiyo anakuta mahoteli yamemtangulia. Akiba ya siku tatu, kama lita 45,000, ijazwe kwa maji ya mfereji usiku, ndiyo itakayokipumzisha kisima.

Mengine ya msimu nayapitia haraka, maana yote yana tarehe moja: yaishe kabla ya kati ya Disemba. Tangi la maji machafu linyonywe tope likifika theluthi ya kina, na gari liitwe Novemba, si wiki ya Krismasi. Mkwezi aangue nazi na kukata makuti makavu juu ya njia na maegesho. Miiba ya mvinje itolewe kwenye mifereji ya paa na kwenye kikapu cha pampu kila asubuhi. Sehemu za nje za viyoyozi zioshwe kwa maji baridi kila mwezi, umeme ukiwa umezimwa, na kwa jina la Mungu yasiwe ya kile kisima. Jenereta iwashwe kila wiki nusu saa ikiwa imebeba mzigo, kwa sababu kuiungurumisha tupu kunaichafua.

Banda la makuti kando ya bwawa lastahili neno zaidi. Kaskazi huyakausha makuti, na upepo wake hubeba cheche kutoka paa hadi paa. Jiko la kuchomea nyama lihamishwe mbali na banda, na lisiwe upande ule upepo unakotoka. Nyaya zilizofungwa kwenye boriti kwa waya zitolewe, zipitishwe ndani ya mabomba. Mna lita 100,000 za maji hatua chache kutoka hapo, lakini moto ukiwaka umeme huzimwa na pampu ya bwawa haifanyi kazi. Nunueni pampu ndogo ya petroli na mpira wa kutosha kufika paa la mbali kabisa, na walinzi wote, hasa wa zamu ya usiku, waiwashe wenyewe mara moja kwa mwezi.

Ada kupanda kwa nusu? Nisingeipeleka hivyo mkutanoni. Tenganisheni kwanza hesabu za Disemba hadi Machi na za miezi mingine, nadhani mtakuta maji ya malori na dawa za bwawa ndivyo vilivyopasua bajeti, na dawa nyingi hazikuhitajika. Kisha wekeni mita ndogo ya maji kila nyumba. Mwenye nyumba aliyeko ng'ambo aliyefunga mlango halipi haki sawa na anayekodisha kwa wageni wanane kila wiki, na ninyi wote mnajua, ila hakuna anayetaka kulisema mbele ya jirani. Mita italisema. Nyongeza itakayobaki iwe ya akiba, katika akaunti yake, kwa matangi na kwa makuti mapya. Namna ya kuipitisha inategemea hati zenu: kama mko chini ya Sheria ya Sectional Properties ya mwaka 2020, au kama mna kampuni inayoshika ardhi na kila mtu ana mkataba wa kukodi. Wakili azisome hati hizo kabla ya kura, si baada.

Naye fundi mpeni daftari: tarehe, klorini, pH, dawa aliyotia kwa gramu, geji ya chujio, saa za pampu, na sahihi ya mlinzi anayeshuhudia ndoo mpya ikifunguliwa. Mwezi mmoja wa daftari utawajibu wale wajumbe wawili kwa vyovyote vile.

Kuna mambo ya kumwita mtu aje, si ya kuandikiana. Jaribio la ndoo likionyesha kuvuja, au mkiona ufa unaokua au vigae vinavyotutumka baada ya mvua, aje mhandisi. Kabla ya kugusa kisima, aje mtaalamu wa maji ya ardhini, na kibali cha Mamlaka ya Rasilimali za Maji kiangaliwe kwanza. Na mtu yeyote akisema amesisimkwa kama kwa umeme akigusa ngazi ya chuma au akiwa majini, toeni watu wote bila kushika vyuma, zimeni swichi kuu ya pampu na taa za bwawa, na pasifunguliwe tena mpaka fundi umeme mwenye leseni apime waya wa ardhi na swichi ya usalama.